Wanataka nitie sahihi kwamba nimeridhika, na dari bado inavuja

BARUA

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Kwetu ni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ila sasa tunakaa Najjera, kando ya Kampala. Nauza vitenge Kikuubo, kule kwenye maduka ya katikati ya Kampala, mume wangu ni mwanajeshi mstaafu. Kiswahili ndiyo lugha yetu ya nyumbani tangu tukiishi kambini, kwa hiyo shida yangu naona nitaieleza vizuri zaidi kwako.

Mwaka juzi tulinunua fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, kwa shilingi milioni 210. Tulianza kulipa jengo likiwa bado nguzo na mbao, tukalipa kwa awamu nne. Hatukukopa benki. Ni faida ya vitenge, ni kiinua mgongo cha mume wangu, na ni kiwanja cha Arua tulichouza. Siku ya kukabidhiwa funguo nililia mlangoni, na kijana wa mauzo akatupiga picha. Picha hiyo bado wanaitumia kwenye matangazo yao.

Miezi mitano baadaye dari ya bafu ikaota doa la ukubwa wa sahani. Likawa sinia. Sasa maji yanadondoka yenyewe, hata kama mvua hainyeshi. Nimeweka beseni juu ya tenki la choo, na usiku nikilala nasikia tone, tone. Nimempigia meneja, nimemwandikia WhatsApp, kila mara jibu ni lilelile: "Tumepokea mama, fundi anakuja." Na kweli fundi amekuja mara tatu. Mara zote tatu amekwangua pale palipoiva, akapaka rangi nyeupe, akaondoka. Wiki mbili doa limerudi.

Si hilo tu. Lifti imesimama tangu Januari. Jirani yetu wa ghorofa ya tano ni mjamzito, namkuta amekaa kwenye ngazi ya tatu anapumua. Pesa ya sevisi ilikuwa 150,000 kwa mwezi, wameipandisha hadi 230,000 bila kikao. Hati miliki tukiuliza tunaambiwa iko ofisi ya ardhi. Nisiwe mwongo, yako mazuri pia: askari wa getini ni watu wa adabu, taa za nje zinawaka, takataka zinazolewa kwa wakati.

Sasa mwezi huu wameleta fomu kila mlango. Inauliza umeridhika kiasi gani na jengo, umeridhika kiasi gani na huduma, weka alama 1 hadi 5. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba mwenye nyumba anathibitisha amepokea nyumba yake ikiwa katika hali njema na hana dai lolote kwa kampuni. Atakayetia sahihi mwezi huu anasamehewa sevisi ya miezi miwili, na meneja anasema kwa mdomo kwamba hati za waliotia sahihi "zitasukumwa" kwanza.

Tumegawanyika. Wengine wametia sahihi. Wengine wameapa hawalipi tena sevisi hata shilingi. Mume wangu anasema tutie tu tupate hati, kwamba yeye amelala kwenye mahema yanayovuja miaka mingi na hakufa.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi. Mdogo wangu anafanya biashara Juba, ameweka akiba na anataka kununua kwenye jengo la pili ambalo kampuni hiyohiyo inalijenga kando yetu. Alivutiwa na ile picha yangu. Kampuni inaniomba nimpe neno zuri. Ananiuliza kila siku: "Dada, ninunue?" Sijui nimjibu nini.

Mama Watatu, Najjera


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usitie sahihi. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona siku za mwezi zinakwenda, na barua yangu ni ndefu.

Karatasi uliyoletewa ni mbili zilizoshonwa pamoja. Ya juu ni maswali ya kawaida, na kampuni inayowauliza wakazi wake kama wameridhika inafanya jambo jema. Ya chini ni msamaha wa deni. Ukitia sahihi, siku utakayosimama mbele ya hakimu au msuluhishi kulalamikia dari, watatoa karatasi hiyo na kusema: huyu mama alikwisha kuthibitisha kwamba nyumba yake ni njema. Sevisi ya miezi miwili kwa bei yao mpya ni 460,000. Kufungua sakafu ya bafu, kuzuia maji upya na kurudisha taili kunaweza kula mara kadhaa ya hiyo. Hayo ndiyo mabadilishano unayoombwa kuyafanya.

Utajiuliza kwa nini wanaitaka sahihi hiyo hivi. Nimefanya kazi kwenye majengo miaka mingi, acha nikueleze desturi. Mwenye mradi anapompa kontrakta kazi, huzuia sehemu ya malipo yake mpaka muda wa kurekebisha kasoro upite. Mara nyingi muda huo ni miezi 6 au 12. Mwisho wake kontrakta anataka pesa yake, na mwenye mradi anataka kufunga daftari. Karatasi zenu zikisema hakuna dai, daftari linafungika kwa urahisi. Sijui kama ndivyo ilivyo kwenu, lakini wewe hiyo isikuhusu. Mkataba wako ni na aliyekuuzia. Akikwambia kosa ni la plamba wa kontrakta, mwambie kwa upole kwamba plamba huyo hukumwajiri wewe.

Ile ya juu ijibu, na ijibu kwa haki. Askari wape 5 yao, taa zipe 5 yake. Bafu lipe 1. Halafu kata mstari kwenye maneno ya chini, weka tarehe kando ya mstari, na uambatishe barua yako mwenyewe. Barua hiyo isiwe ya kulalamika. Neno "mnatudharau" hakuna fundi anayeweza kulirekebisha. Andika hivi: bafu kubwa, dari inavuja tangu mwezi fulani, fundi amekuja tarehe hizi tatu, amepaka rangi tu, hajafungua sakafu ya juu, tunaomba chanzo kitafutwe na kurekebishwa ndani ya siku 14. Tia picha. Peleka nakala mbili ofisini, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea. Ujumbe wa WhatsApp usiufute hata mmoja, hata wa "tumepokea mama". Huo ni ushahidi kwamba walijua, na unaonyesha walijua lini.

Sasa twende bafuni, maana hapo ndipo nilipokasirika niliposoma. Rangi juu ya doa ni kumfunga mgonjwa kitambaa bila kuangalia kidonda. Maji yasiyongoja mvua yanatoka kwenye nyumba ya juu yako, na yanaweza kupita njia tatu: bomba linaloleta maji safi, bomba linalotoa maji machafu, au sakafu yenyewe ambayo chini ya taili haikuwekewa tabaka la kuzuia maji, au iliwekewa na kutobolewa. Kuzijua si kazi ya siku nyingi. Inahitaji jirani mwema wa juu na siku moja.

Nenda kwake na chai, si na hasira. Muulize kwanza kama tangu ahamie amebadilisha taili au ametoboa sakafu kuweka kitu. Kama ndivyo, mazungumzo yatakuwa mengine na kampuni itakuwa na la kujitetea. Kama sivyo, anzeni na mita yake ya maji. Fungeni mabomba yote ya nyumba yake, asitumie choo kwa saa moja au mbili, muitazame ile gurudumu ndogo ya mita. Ikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, bomba la maji safi linavuja mahali. Ikitulia, nenda hatua ya pili. Zibeni tundu la sakafu ya bafu lake kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwageni maji yafike kina cha vidole viwili, yasivuke kizingiti cha mlango. Chora alama ya penseli kwenye taili pale maji yanapoishia, andika saa, na mtu asioge humo kwa saa 24. Huko chini kwako zima umeme wa bafu, ondoa vitu, weka beseni lako.

Kesho yake tazameni. Dari ikilowa na maji yakishuka chini ya alama, kosa liko kwenye sakafu, na hakuna rangi duniani itakayoliponya. Taili lazima ziinuliwe, tabaka la kuzuia maji lilazwe upya na kupandishwa kidogo kwenye kuta, kisha jaribio lirudiwe kabla ya taili kurudi. Dari isipolowa siku hiyo nzima, lakini ikalowa mara tu mkizibua tundu au jirani akivuta maji ya choo, shida ni kiungo cha bomba la maji machafu. Hilo lina nafuu, mara nyingi hufikiwa kwa kufungua dari yako tu. Piga picha za kila hatua, na mwalike meneja aje kushuhudia. Asipokuja, andika kwamba alialikwa.

Nimekaa sana hapa kwa sababu wakazi wengi hushindwa kwenye jambo hilihili. Wanajua wanaumia, hawajui wanaumia wapi, basi kila fundi anayekuja anachagua dawa iliyo rahisi kwake.

Pesa ya sevisi. Hapa nitawaudhi baadhi ya majirani zako. Wanaosema hawalipi hata shilingi wanakosea. Kasoro za ujenzi ni deni la kampuni. Sevisi ni mshahara wa yule askari mwenye adabu, ni taa, ni takataka, ni pampu ya maji. Mkiigoma yote, atakayelala njaa kwanza ni askari, na wa pili ni ninyi mtakaporudi usiku geti liko wazi. Lipeni ile 150,000 mliyokubaliana, kwa maandishi, mkisema nyongeza mtaijadili mtakapoonyeshwa hesabu. Ombeni mambo mawili hasa: matumizi ya mwezi kwa mwezi, na mkataba wa kuhudumia lifti pamoja na karatasi ya fundi wake wa mwisho. Mnailipia lifti isiyopanda. Kama fungu lake limo ndani ya sevisi, limekwenda wapi tangu Januari? Na yule mama wa ghorofa ya tano mwandikeni kwenye barua ya pamoja, bila jina lake, kwamba kuna mjamzito anayepanda ngazi hizo. Meneja naye ni mtoto wa mtu.

Tuje kwenye hati, ambayo ndiyo imemtia mume wako haraka. Uganda tuna sheria ya kondominiamu tangu 2001, na ndiyo inayomwezesha mtu kumiliki nyumba iliyo ghorofani akapewa hati yake mwenyewe, pamoja na fungu lake la vitu vya wote: ngazi, paa, lifti, uwanja. Waliouziwa fleti zilizojengwa na shirika la nyumba la taifa kule Bugolobi na Bukoto wanajua uzito wa jambo hilo. Kuwa na mlango wako ni kitu kimoja, kujua paa ni la nani ni kitu kingine. Sheria hiyo inataka ramani ya jengo zima, yenye mipaka ya kila fleti, isajiliwe ofisi ya ardhi. Ramani ikishasajiliwa, hati za fleti zinaweza kutoka, na chama cha wenye nyumba kinazaliwa kisheria. Chama hicho ndicho kinachosimamia vitu vya wote na kukusanya michango. Hapo ndipo mnapata meza ya kukalia na kuamua sevisi iwe ngapi.

Kwa hiyo, wakikwambia hati iko ofisi ya ardhi, uliza swali moja tu: ramani ya kondominiamu imesajiliwa lini, na namba yake ni ipi? Kama haijasajiliwa, hakuna hati ya fleti inayoweza kuwa njiani, na hakuna sahihi yako itakayoisukuma. Usingoje wakujibu. Chukua namba ya bloku na ploti iliyomo kwenye mkataba wako wa ununuzi, nenda ofisi ya ardhi ya kanda yenu, lipa ada, ufanye sachi, yaani wakutazamie rekodi za ardhi hiyo. Utaona ardhi imeandikwa kwa jina la nani, kama ni mailo au friholdi, yaani umiliki usio na mwisho wa miaka, au ni lizi, yaani ya kukodi kwa miaka maalumu, na kama kuna benki iliyoweka rehani juu yake. Kama ni lizi, tazama imebaki miaka mingapi. Ukikuta rehani, usilale. Tafuta wakili siku hiyohiyo, akueleze kama inafaa kuweka kaveati, yaani zuio kwenye rekodi ya ardhi, kulinda haki yako ya mnunuzi. Changeni majirani sita au saba, wakili mmoja atawatosha.

Uliza pia kibali cha kukalia jengo. Sheria ya udhibiti wa majengo ya 2013 hairuhusu watu kuhamia kwenye jengo lisilo na kibali hicho, na kinatolewa na kamati ya majengo ya halmashauri baada ya ukaguzi. Ninyi wa Najjera mko chini ya Manispaa ya Kira, si KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, msije mkapoteza nauli kwenda mjini. Kibali kikiwepo, ombeni nakala. Kisipokuwepo, mmepata neno zito la kusema mezani, na kuna Bodi ya Taifa ya Kupitia Majengo mnayoweza kuipelekea malalamiko kama manispaa itawazungusha.

Muda unao, lakini si wa kuchezea. Sheria yetu inampa mtu miaka 6 kudai kwa msingi wa mkataba tangu ulipovunjwa. Mkataba wenyewe unaweza kuwa umeweka muda mfupi zaidi wa kuripoti kasoro, basi leo usiku utoe kabatini uusome mstari kwa mstari, wewe na mume wako.

Naye mpe salamu zangu. Mwambie namheshimu kwa mahema aliyolalia. Lakini hema lile hakulinunua kwa kiinua mgongo chake. Na aliyeruhusu jengo likae miezi na dari inayovuja, kisha akamwomba mstaafu athibitishe kwamba ni njema, anamwomba aandike ripoti ya uongo. Sidhani kama alipokuwa kazini angekubali kuiandika.

Wale waliokwisha kutia sahihi msiwatenge. Wengine walikuwa na karo za watoto mbele yao, na miezi miwili ya sevisi si kitu kidogo. Waalikeni kwenye kikao, mfanye hata uani Jumapili, mkusanye kasoro za nyumba zote kwenye orodha moja. Bafu lako moja ni usumbufu kwa meneja. Mabafu tisa yaliyo kwenye mstari mmoja wa bomba, kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tano, ni kosa la ujenzi, na mhandisi yeyote aliyesajiliwa ataliona hilo kabla hajapanda ngazi. Kama kweli yapo tisa au matatu, kikao ndicho kitakachowaambia.

Kuhusu mdogo wako, usimwambie anunue wala asinunue. Mweleze ulichoniandikia mimi, chote, pamoja na taa na askari. Na ile picha ya mlangoni, iandikie kampuni waitoe kwenye matangazo mpaka dari yako ikauke. Ni sura yako, na inamwita ndugu yako.

Kisha mwambie asitume pesa kutoka Juba hata ya kushikia nafasi. Apande basi aje mwenyewe, ikiwezekana mwezi wa Novemba mvua zikiwa zimekolea. Alale kwako siku mbili. Asikie hilo tone usiku. Asubuhi apande kwa miguu hadi ghorofa ya tano, abishe milango mitatu, na kila mlango aulize fundi alikuja lini mara ya mwisho na alifanya nini. Akimaliza ashuke ofisini, aombe aonyeshwe hati ya fleti moja tu, iliyokwisha kutolewa, ya jengo la kwanza. Wakimwonyesha, akae nao wazungumze mkataba, na neno la kasoro liandikwe humo waziwazi, na awamu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwake mpaka jaribio la maji la saa 24 lipite kwenye kila bafu. Wasipomwonyesha, arudi Juba na akiba yake.